Kodi Nimelipa, Kufuli la Tangi ni la Nini?

Sotik hatuna shida ya mvua. Hii ni nchi ya majani chai, mvua inanyesha hadi nguo zinakataa kukauka. Sasa hebu niambie, inakuwaje mpangaji wa ghorofa ya tatu anashuka na mtungi kuomba maji kwa jirani, na tangi liko juu ya kichwa chake, limejaa, limefungwa kufuli?

Jibu unalijua. Ufunguo uko kwa keateka. Mkikosana naye, au kodi ikichelewa siku mbili, unakauka. Nimeishi kwa ploti ambayo maji yalifunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili. Kama unafanya kazi ya usiku, shauri yako. Mlango wa kwenda juu kuanika nguo nao ulikuwa na kufuli. Balbu ya ngazi iliungua, ikabaki hivyo, tukawa tunapanda kwa tochi ya simu. Na kila mwezi tulikuwa tunalipa pesa ya "maji na taka" juu ya kodi!

Wenye nyumba wana hoja yao, na si ya uongo. Mita ya maji mara nyingi ni moja kwa jengo zima. Msee akihama usiku na deni, bili inabaki kwa landilodi. Lakini sheria ina njia za kudai kodi, na kumnyima mtu maji ya kuoga si mojawapo. Tena ukifunga tangi kwa sababu ya mmoja, wale kumi waliolipa wamekukosea nini?

Wengi wetu hudhani kwamba bila mkataba wa karatasi hatuna haki. Si kweli. Sheria ya Ardhi ya 2012 inatambua upangaji wa muda mfupi, hata ule wa mwezi kwa mwezi, na inasema unaweza kufanywa kwa mdomo tu. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 65, inampa mwenye nyumba majukumu hata kama hayakuandikwa popote: kukuacha uishi kwa amani bila kusumbuliwa na, kama umekodi sehemu tu ya jengo, kutunza paa, kuta za nje, mitaro mikuu, njia za kupitia na vifaa vya pamoja. Ile balbu si msaada, ni wajibu wake. Katiba nayo, kifungu cha 43, inataja maji safi na salama kama haki ya kila mtu.

Walionunua fleti wako na nafuu kidogo. Sheria ya 2020 kuhusu majengo ya wamiliki wengi inampa kila mwenye fleti fungu lake katika sehemu za pamoja, na kura katika shirika linalozisimamia. Ngazi ni yake pia. Sisi wa bedsita hatuna kura.

Na hapa ndipo naona serikali imetuacha. Baraza la kusikiza kesi za wapangaji wa nyumba za kuishi linahusu nyumba ambazo kodi yake ya kisheria haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Nitafutie keja ya bei hiyo yenye choo ndani, nihamie leo. Ukizidi hapo, unaambiwa uende kortini. Nani ataajiri wakili kwa sababu ya mtungi wa maji? Bunge liongeze hicho kiwango, kimepitwa na wakati kabisa.

Kwa sasa, weka meseji zote za M-Pesa za kodi. Piga picha ya kufuli, tarehe ionekane. Kisha andikeni karatasi moja: maji yatafunguliwa saa ngapi, pesa ya taka inalipia nini, mlango wa juu utakuwa wazi siku gani. Mpelekee landilodi mkiwa sita, si mmoja, maana mmoja ataambiwa ahame. Na muombe ufunguo wa pili wa tangi ukae kwa mpangaji mmoja, yule ambaye hasafiri wikendi.