Kisa cha Mezani Chafika Kwenye Skrini

Ngano husimuliwa na mmoja, wengine wakaitikia. Lakini huko Marekani, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambamo hapana mwitikiaji: kila aketiye mezani ni mhusika. Msimamizi hueleza pango na zimwi lililomo. Wachezaji hunena watakalotenda. Dadu ya pande 20 huamua kama wamefaulu.

Mtauliza: si kamari hiyo? Hapana fedha iwekwayo, wala hapana amlaye mwenziwe. Hata hivyo, hukumu ya dadu twawaachia wanavyuoni. Letu sisi ni hadithi.

Na hadithi hizo zimevuka meza. Mwaka 2015 waigizaji wa sauti, kundi la Critical Role, walianza kuonyesha mchezo wao hadharani. Mwaka 2019 watazamaji wakachanga zaidi ya dola milioni 11 ili kisa chao kitengenezewe filamu ya katuni. Mwaka 2022 ikatoka, The Legend of Vox Machina. Kisa kilizaliwa mezani, msimulizi mwenyewe asijue mwisho. Ndipo roho za watazamaji zikawa juu.

Je, sisi? Ngano za bibi zetu zilikuwa na sauti, nyimbo na mageuzi ya kila msimulizi. Leo twawaketisha watoto watazame mazimwi ya wenzetu, ilhali yetu yazikwa pamoja na wazee. Jamani, asiyesimulia chake husimuliwa cha mwenziwe. Tuanze usiku huu huu: Paukwa!