Kizibao Pekee Hakitoshi

Askari aliyepangiwa zamu ya alfajiri pale Ruziba, kusini mwa Bujumbura, huwasikia waendesha baiskeli kabla hajawaona. Hutokea upande wa Rumonge kwa Barabara ya Taifa Namba 3, wamepakia mikungu ya ndizi, magunia ya makaa na madumu ya mafuta ya mawese. Mnyororo hulia, tairi husaga mchanga, kisha mtu hujitokeza gizani akiwa hatua chache tu. Askari aliye kwa miguu hupisha. Dereva wa lori hana nafasi hiyo.

Kutokana na hali hiyo wako wanaosema kwamba kila mwendesha baiskeli avalishwe kizibao cha kung'aa, mfano wa kile cha askari wa usalama barabarani, na asiyekuwa nacho azuiliwe baiskeli yake. Shauri hili si la kupokea wala la kutupa kwa haraka. Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilipopigwa marufuku kuingia katikati ya jiji, riziki ya wengi ilisukumwa viungani. Na uhaba wa mafuta ulioanza 2021 ukawaongeza wanaotegemea miguu na pedali. Kumzuilia mtu wa namna hiyo baiskeli ni kumzuilia chakula cha jioni ile ile. Hatuna budi basi kuuliza kwanza kama dawa yenyewe inaponya.

Huko Denmark watafiti waliwagawa kwa kura waendesha baiskeli wapatao 6,800. Nusu walipewa jaketi za manjano yenye kuwaka, nusu wakabaki na nguo zao, wakafuatiliwa mwaka mzima. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kwamba waliovaa jaketi walipata majeraha ya kugongana na wengine barabarani pungufu kwa 47 katika kila 100. Watafiti wenyewe walikiri kuwa huenda wavaaji hawakuripoti ajali zao zote, wakaishusha hesabu hiyo. Hata hivyo faida iliyobaki haikuwa ndogo. Ni kweli Denmark ina njia za baiskeli zilizotengwa, ambapo Ruziba lori, baiskeli na mbuzi wote hugombea lami moja. Lakini jicho la dereva ni jicho la binadamu popote alipo.

Kuonwa, hata hivyo, si kuheshimiwa. Mtafiti Ian Walker wa Uingereza na wenzake, katika kazi iliyotolewa 2013, walipima umbali ambao madereva humwachia mwendesha baiskeli wanapompita, huku akibadilisha mavazi siku hadi siku. Mavazi hayakubadilisha kitu, isipokuwa kizibao kimoja tu: kile kilichoandikwa neno polisi na kuonya kwamba safari inarekodiwa kwa kamera. Wenzetu wa polisi wana haki ya kutabasamu. Lakini wasitabasamu sana, kwani kila vazi lilivyokuwa, dereva mmoja au wawili katika kila mia walipita karibu kuliko nusu mita.

Sisi tuliopita chuo cha maofisa tulifundishwa kujificha: kuvunja umbo la mwili, kuzima kila kinachometa, kukaa kivulini, na zaidi ya yote kutulia, kwa sababu jicho hukamata mwendo kabla halijatambua kitu. Anayetaka kuonwa na ageuze somo hilo juu chini. Rangi ya manjano yenye kuwaka hupata nguvu yake kutokana na miali ya jua, na Bujumbura jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni, giza likafuata bila kuchelewa. Usiku rangi hiyo hufifia ikawa kama nguo nyingine. Kinachofanya kazi usiku ni utepe unaorudisha mwanga wa taa ya gari kule kule ulikotoka.

Utafiti wa Australia wa 2010 ulionyesha tofauti hiyo waziwazi. Usiku madereva waliwatambua waendesha baiskeli 2 tu katika 100 waliovaa nguo nyeusi, na 15 waliovaa kizibao cha rangi ya kuwaka. Kizibao chenye utepe wa kurudisha mwanga kilifikisha 50. Utepe ulipoongezwa magotini na kwenye vifundo vya miguu, wakawa 90. Mguu unaopanda na kushuka humwambia dereva kwamba mbele yako yuko mtu, si nguzo.

Na hapa Ruziba iko sababu nyingine ambayo wale wa Denmark hawakuihitaji. Mikungu mitatu ya ndizi ikishafungwa nyuma ya kiti, mgongo wote wa mwendeshaji umefunikwa. Askari anaweza kumtoza faini asiye na kizibao, na aliyekivaa akagongwa kwa nyuma akiwa nacho. Taa nyekundu au kiakisi kifungwe nyuma ya mzigo, na utepe uzungushwe vifundoni. Sharti linaloweza kudaiwa kwa haki ni hilo, na lidaiwe kwa kuelekeza kwanza.

Tusijisahau nasi. Wako askari wanaoripoti kambini kwa baiskeli kabla ya mapambazuko, wamevaa sare za mabaka zilizoshonwa makusudi ili wasionekane. Adui hatawaona, na dereva wa Rumonge hatawaona vilevile. Wako pia madereva wetu wa malori na magari ya doria. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hula karibu mita 17 kila sekunde, na sekunde ya kwanza hupotea kabla mguu haujagusa breki. Mwendesha baiskeli hawezi kuvaa kitu cha kufidia mita hizo. Dereva wa jeshi au wa polisi anayeingia Ruziba gizani apunguze mwendo kabla ya nyumba za kwanza, na anapompita mwenye mzigo amwachie nafasi ya kuyumba, kwa maana baiskeli yenye mikungu mitatu haiendi kwa mstari ulionyooka.