Anayekuchagulia mzigo muongeze mkataba kabla jirani hajampigia simu

Leo mnivumilie kidogo, naingiza mpira kwenye biashara. Humu kuna Wananchi na kuna Wanamsimbazi, tusigombane. Naongelea mikataba tu: nani anaongezwa, nani anaachwa, na hasa nani anayechagua.

Rudini Julai 2024. Mastaa wawili wakubwa wa ligi yetu mikataba yao iliisha kipindi kimoja. Yanga walikuwa na Stephane Aziz Ki, katoka kuwa mfungaji bora kwa mabao 21. Simba walikuwa na Clatous Chama, Mwamba wa Lusaka. Yanga wakakomaa na Aziz Ki mpaka akaongeza. Simba hawakuongezana na Chama, mkataba ukaisha, jamaa akatoka Msimbazi akaenda Jangwani bure. Mei 2025 Aziz Ki naye akaondoka, akaenda Wydad ya Morocco, ila yeye aliuzwa kwa sababu bado alikuwa na mkataba.

Wengi ukiwauliza watakwambia Simba walikosea. Mi sikubali. Chama alikuwa na miaka 33. Waliposafisha kikosi wakaleta vijana, akaja Jean Charles Ahoua akafunga 16 na kuwa mfungaji bora msimu wa 2024/25, na timu ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakaishia kwa RS Berkane. Ubingwa wa ligi hawakuupata, sawa, lakini huwezi kusema kumwacha Chama ndo kuliwaua. Kitu kilichokuuzia sana miaka mitano iliyopita kina haki ya kutoka kwenye rafu. Wewe mwenyewe unajua kuna gauni ulilipigia hela sana mwaka juzi, leo ukiliposti hata wa kuuliza bei hakuna.

Ninapoona Simba walipigwa ni Agosti 2021. Walikuwa wametwaa ubingwa mara nne mfululizo. Wakauza wawili kwa mpigo, Luis Miquissone kwenda Al Ahly na Chama kwenda Berkane. Hela ilikuwa nzuri, sikatai. Ila rafu ikabaki tupu, na msimu wa 2021/22 Yanga wakabeba ubingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi. Simba wakamrudisha Chama Januari 2022, ubingwa haukurudi. Luis wakamrudisha 2023, mwaka uliofuata wakaachana naye. Hii ni tabia yetu kabisa wauza nguo! Mzigo ukigoma tunakimbilia kuagiza tena kile kilichotoka zamani.

Sasa angalia Yanga walivyofanya 2023. Fiston Mayele alikuwa amefunga 17 kwenye ligi na kuwafikisha fainali ya Shirikisho. Akauzwa Pyramids ya Misri. Kocha Nabi akaondoka, Feisal Salum akaenda Azam. Kwa hesabu ya kijiweni hapo timu imekwisha. Lakini Aziz Ki alishakuwepo tangu 2022, yuko ndani mwaka mzima anazoea. Wakamuongezea Pacome na Maxi Nzengeli. Msimu ule ule Simba wakala tano moja, Novemba 5, 2023, na kombe likabaki Jangwani. Yaani mbadala wa Mayele alinunuliwa mwaka mmoja kabla Mayele hajauzwa. Nyie hiyo si bahati, kuna mtu alikuwa anaangalia mbali.

Huyo mtu ndo hoja yangu leo. Pale Yanga jicho la usajili kwa miaka yote hiyo ni lile lile, la Injinia Hersi Said na wenzake, tangu akiwa upande wa wadhamini GSM mpaka akachaguliwa rais Julai 2022. Pale Simba kiti cha mtendaji mkuu hakipoi. Senzo Mazingisa aliondoka Agosti 2020, na alikwenda wapi? Yanga! Akaja Barbara Gonzalez, akaachia Januari 2023. Akaja Imani Kajula. 2024 akaja Francois Regis, baada yake Zubeda Sakuru. Kila anayeingia ana watu wake wa kuwaamini na ana mawakala wake.

Kuna atakayenijibu kwamba Senzo alipoondoka Simba bado walichukua ubingwa wa 2020/21, na kwamba Yanga nao walimwacha Senzo huyo huyo mkataba wake ulipoisha 2022 na wakaendelea kushinda. Kweli kabisa. Ndo maana sisemi uking'ang'anie cheo. Bosi wa ofisi anaweza kubadilika kama anayechagua yupo na anajua kilichonunuliwa jana kilinunuliwa kwa nini. Akiondoka anayechagua, unaanza moja.

Tuje kwetu. Mimi nauzia Rudewa, Kilosa. Siwezi kwenda Kariakoo kila wiki, nauli na kulala vinakula faida yote. Kuna dada yuko kule ananichagulia, mzigo unapanda basi mpaka Kilosa mjini, bodaboda anamalizia. Wateja wangu hajawahi kuwaona, lakini anajua mama wa huku anataka gauni refu lenye mifuko, anajua rangi nyeupe kwenye vumbi letu haiendi, anajua mwisho wa mwezi nitauza cha bei juu na katikati ya mwezi hapana. Hayo kayajua kwa mwaka na nusu, kwa mzigo mmoja mmoja. Nikimtoa leo, hayo yote anaondoka nayo, na kama anahamia kwa mwenzangu wa Kimamba ndo nimekwisha. Mambo ya Senzo hayo.

Mwezi uliopita akaomba nyongeza. Nilikuwa nampa 500 kwa kila nguo, anataka 800. Rafiki zangu wakaniambia achana naye, wachaguzi wapo wengi, kuna mtoto wa chuo atafanya kwa 300. Nikapiga hesabu. Natoa nguo kama 120 kwa mwezi. Nyongeza ya 300 ni 36,000. Gauni moja nanunua 12,000. Ina maana mchaguzi mpya akikosea magauni matatu tu kwa mwezi, hiyo 36,000 imeshaenda, na hapo sijahesabu mteja aliyeniblock. Mchaguzi mpya atakosea matatu tu? Thubutu.

Ila sikumpa kwa sababu ananililia au kwa sababu tumezoeana. Nilifungua daftari. Wengine mnapima mtu kwa mzigo wa mwisho, ukitoka vizuri malaika, ukigoma mchawi. Mi nimeangalia miezi sita: ngapi alichagua, ngapi zimekaa zaidi ya mwezi, ngapi zimerudishwa. Na nimeangalia kitu kimoja ambacho wengi hawakiangalii, mambo mapya anayoleta kabla sijamuomba. Yeye kila mzigo anaweka nguo tano za majaribio. Mara nyingi mbili zinagoma. Lakini zile suruali za kitambaa zilizonibeba msimu wa ufuta zilianza hivyo hivyo, tano tu, wakati madera bado yanatoka vizuri.

Mwingine atasema mwandikishe tu karatasi imfunge. Muulize Feisal. Alikuwa na mkataba Yanga, Desemba 2022 akasema anaondoka, ikawa kesi mpaka TFF, mpaka Rais Samia akaliongelea, na mwisho akaenda Azam. Msimu wa kwanza kamili kule akafunga 19. Mtu asiyeridhika karatasi haimshiki, na hata ikimshika hakuchagulii vizuri. Kwa hiyo ongea naye hela mapema, angali ana furaha. Ukisubiri mpaka aseme kuna mtu kamtafuta, hapo unanunua kwa bei ya mnada.

Tulikubaliana hivi: 700 kuanzia sasa, 800 kuanzia Januari, mwaka mmoja, tumeandikiana meseji ya kawaida WhatsApp. Yeye kila mzigo ananitumia jina la duka na bei aliyonunulia, ili siku akiugua nisiwe kipofu. Zile tano za majaribio zikigoma, hasara ni yangu, simkati. Hapo rafiki zangu wamenicheka sana, lakini ukimkata mtu kwa jaribio lililogoma atakuletea madera mpaka uzeeke.

Majaribio ya wiki hii ni mitandio ya kijani yenye nyuzi pembeni. Nimeposti jana usiku, mitatu imeshalipiwa.