Mtafiti wa ubongo asipimwe kwa hesabu ya makala peke yake

Katika vyuo vikuu vya dunia, mtafiti anaulizwa kwanza maswali mawili: umetoa makala ngapi, na watafiti wengine wameyataja mara ngapi? Mwaka 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch wa California aliyaunganisha maswali hayo katika alama moja, inayoitwa h. Mwenye makala 20 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 20 anapata alama 20. Leo hesabu hiyo inasaidia kuamua nani anaajiriwa, nani anapanda cheo na nani anapewa feza za utafiti.

Hesabu si adui. Inasaidia kutofautisha anayefanya kazi na mwenye cheo tu. Lakini sisi Wakongomani tuna sababu ya kuiangalia vizuri, na sababu hiyo inaitwa konzo.

Konzo inaharibu chembe za ubongo zinazoongoza mwendo wa mwili. Mtoto aliyekuwa anakimbia anakakamaa miguu kwa ghafula, na hakuna dawa ya kumponyesha. Daktari Giovanni Trolli aliieleza mwaka 1938 huko Kwango. Inatokana na kula kwa muda mrefu mihogo michungu isiyolowekwa ya kutosha, yenye sumu ya sianidi, kwa watu wasiopata protini za kutosha. Inashika zaidi watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Nasi wa mashariki tusiseme ni mambo ya mbali: mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba konzo imeonekana Kivu ya Kusini, ambako vita iliharibu maisha ya vijiji.

Mmoja wa wanaoichunguza ni Mkongomani, Profesa Desire Tshala-Katumbay, aliyesoma udaktari Kinshasa na anayefundisha Oregon, Marekani. Mwaka 2013, yeye na wenzake, akiwemo Michael Boivin, walionyesha jambo la kutisha: hata watoto wasiochechemea, wanaoishi katika vijiji vya konzo, walikuwa nyuma katika majaribio ya akili kuliko watoto wa kijiji kisicho na ugonjwa huo.

Sasa pima makala kama hiyo kwa hesabu ya kutajwa. Watafiti wa ugonjwa wa Alzheimer ni maelfu, na kila mmoja anataja wenzake. Wanaoandika juu ya konzo ni wachache sana. Makala mbili zinaweza kuwa na ubora sawa, lakini ile ya Alzheimer itatajwa mara nyingi zaidi. Hapo hesabu inapima wingi wa watu walio sokoni, haipimi ubora wa bidhaa.

Tena kuna faida ambayo haiingii katika hesabu hata kidogo. Howard Bradbury wa Australia alipendekeza njia nyepesi: kulowesha unga wa muhogo, kuutandaza, na kuuacha saa mbili juani au saa tano kivulini ili sumu itoke. Wamama wa Popokabaka waliofundishwa njia hiyo hawaandiki makala. Mtoto wao anayeendelea kutembea hahesabiwi popote.

Kuna watakaosema: mkiondoa hesabu, vyeo vitagawanywa kwa ukabila na urafiki. Hofu hiyo ina msingi, tunaijua nchi yetu. Kwa hiyo hatuombi hesabu iondolewe. Tunaomba mtafiti alinganishwe na wa fani yake, na makala zake zisomwe kweli na wanaomhukumu. Tamko la San Francisco la mwaka 2012 linataka pia kazi yenyewe ipimwe, si jina la jarida. Jambo hilo linatuhusu sana, maana majarida mengi yanadai zaidi ya dola 1000 ili kuchapisha makala moja. Mwalimu wa Bukavu au Bunia atazitoa wapi?

Mabaraza ya vyuo vyetu yaongeze maswali mawili: je, matokeo yalirudishwa kwa wakaaji waliochunguzwa? Je, vijana Wakongomani waliokusanya damu na takwimu wametajwa kati ya waandishi? Bila hayo, tutawafundisha watafiti wetu kukimbilia magonjwa yanayotajwa sana, na kuyaacha yanayolemaza watoto wetu.