Nyumba Mia kwa Shilingi Elfu Tano

SAFU YA MITEREMKONI
Na Ireri wa Njeru

Juzi nilifuatana na mhudumu mmoja wa afya ya jamii huko Ngandori, eneo la Manyatta, kaunti ya Embu, ambako mashamba ya kahawa yanaanza kupisha chai. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mama huyo alivaa gambuti, begi la serikali mgongoni, na kwenye boma la kwanza hakulifungua upesi. Aliketi jikoni, akaulizia ng'ombe aliyekuwa mgonjwa, akapokea chai. Ndipo akamfunga shosho wa boma hilo mashine ya presha mkononi.

Namba zilikuwa juu.

“Shosho, dawa unameza?”

“Nameza, mwanangu.”

Mhudumu aliinua macho kwenye rafu iliyo juu ya meko. Pakiti tupu ya tembe ilikuwa imekunjwa chini ya kibiriti. Hakumsuta. Aliuliza tu ziliisha lini. Kumbe wiki tatu zilikuwa zimepita. Shosho alikuwa amekwenda zahanati mara mbili akaambiwa dawa hakuna, na nauli ya boda ya mara ya tatu hakuwa nayo.

Daktari wa Embu mjini, awe hodari kiasi gani, haioni pakiti ile. Kwake shosho ni mgonjwa mkaidi asiyemeza dawa.

Dunia ilikubaliana kuhusu kazi ya aina hii, afya ya msingi, kwenye mkutano wa Alma-Ata mwaka 1978. Kenya ikaandika mkakati wake wa afya ya jamii mwaka 2006, na kwa miaka mingi wahudumu hawa tukawaita “wa kujitolea”. Jina hilo lilitufaa sana sisi tusiolipa. Tarehe 25 Septemba 2023, Rais William Ruto aliwazindua 100,000 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, kwa mabegi yenye mashine ya presha, kipima sukari, mizani na simu. Mwezi uliofuata akatia saini Sheria ya Afya ya Msingi, inayowatambua rasmi.

Malipo yao ni Sh5,000 kwa mwezi: nusu kutoka serikali ya kitaifa, nusu kutoka kaunti. Kila mmoja huhudumia nyumba zipatazo 100. Piga hesabu: ni shilingi hamsini kwa nyumba, mwezi mzima. Kwenye matope yetu haya, hiyo haikupandishi boda kilima kimoja ukarudi.

Na mkoba wenye wenyewe wawili una ugonjwa wake. Pesa zikichelewa, kaunti inaonyesha kidole Nairobi, na Nairobi inaonyesha kidole kaunti. Wahudumu wa kaunti mbalimbali wamelalamikia jambo hili. Mkulima wa chai hapa Manyatta anajua kusubiri bonasi, lakini hata yeye hupata cha kilo zake kila mwezi.

Kuna wanaosema hawa si wauguzi, wasitukuzwe kupita kiasi. Kweli si wauguzi. Kazi yao ni kutambua mapema na kumwelekeza mtu kituoni. Sasa mtu akielekezwa kwenye kituo kisicho na dawa, anayeaibika ni nani? Ni yule mama wa gambuti, ambaye kesho atakutana na shosho kanisani.

Halafu tumemwongezea ukarani. Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, ianze kazi Oktoba 2024, simu ile ile ya afya inatumika pia kusajili watu. Sipingi usajili. Ila mgeni anayeingia akiuliza kitambulisho kabla ya kuuliza hali hawezi kuonyeshwa rafu ya meko.

Waheshimiwa wa bunge la kaunti ya Embu, bajeti ikifika mezani, anzeni na dawa za presha na sukari katika zahanati za vijijini, kisha muiweke nusu yenu ya malipo ya wahudumu mahali ambapo haitaguswa. Mabegi mapya yanaweza kungoja.

Tulipoaga, mhudumu alikuwa ameandika jina la shosho kwenye daftari lake mwenyewe, kando na simu, ili aulizie dawa kwenye kituo kingine. Shosho akauliza atarudi lini.

“Alhamisi, lakini alasiri,” akasema. “Asubuhi nina kibarua cha kuchuma chai.”