Mazuku: mbwa huanguka kwanza, anayemfuata ni mtoto

Wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Goma na Gisenyi wamezoea kuhofia mambo mengi: ushuru unaobadilika bila taarifa, foleni, mpaka kufungwa mapema, na mlima Nyiragongo ambao tarehe 22 Mei 2021 ulimwaga lava hadi kingoni mwa mji. Lakini ipo hatari nyingine isiyo na moshi wala kishindo, ambayo huzungumzwa mara chache kwa sababu huua mmoja mmoja, na mara nyingi anayeanza kufa ni mbwa. Wenyeji wa kaskazini ya Ziwa Kivu huiita mazuku, yaani upepo mbaya.

Mazuku si upepo, wala si uchawi. Ni hewa ukaa inayotoka chini ya ardhi na kupenya katika nyufa za mawe ya lava. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu, hivyo haipai. Hutelemka na kutuama mabondeni na kwenye vishimo vya ufukweni kama maji yanavyotuama. Hewa tunayovuta kila siku ina hewa ukaa kidogo sana, haifiki hata sehemu moja kwa mia. Ikifika sehemu 10 kwa mia, mtu hupoteza fahamu katika dakika chache. Ndani ya mashimo ya mazuku vipimo vimepita sehemu 30 kwa mia, na hapo pumzi chache tu zinatosha kumwangusha mtu. Haina rangi, na kwa kiasi cha kawaida haina harufu. Ikizidi sana huwasha pua na kuacha ladha ya uchachu mdomoni, lakini anayefika hatua hiyo amekwisha chelewa.

Sasa tumwangalie mbwa. Yeye hutangulia njiani, huacha barabara na kuingia kichakani, hunusa chini, na pua yake haizidi goti la mwenyewe. Tabaka la mazuku mara nyingi huishia hapo hapo magotini. Mtu mzima anaweza kuvuka bonde akiwa wima, akapumua hewa safi, asijue kwamba miguu yake inapita ndani ya kitu kinachoua. Mbwa wake anayeyumba nyuma ya jiwe yumo ndani yote. Huko Italia, karibu na Naples, kuna pango ambalo hadi leo huitwa Pango la Mbwa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa miaka mingi waongoza wageni walimwingiza mbwa humo mpaka akazimia, huku wageni wakilipa kutazama, kisha wakamtoa nje apate hewa. Ulikuwa ukatili mtupu, lakini ulionyesha wazi jinsi kimo kinavyoamua nani aanguke na nani abaki amesimama.

Katika Hifadhi ya Virunga, ambayo zamani iliitwa Hifadhi ya Albert, mtaalamu wa wanyama Jacques Verschuren aliandika tangu mwaka 1965 kuhusu wanyama pori waliouawa na hewa za namna hii. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba jambo hili ni jipya.

Linalotutia wasiwasi leo ni watu wanaorudi. Eneo la magharibi ya Goma kuelekea Sake, kando ya ziwa, limepokea na kutoa watu kwa zaidi ya miaka thelathini. Kambi ya Mugunga ya mwaka 1994 ilikuwa huko. Kambi ya Bulengo nayo ilikuwa huko, hadi kambi za kuzunguka mji zilipovunjwa mwezi Februari 2025. Kila wimbi la watu huja na wageni wasiolijua bonde lipi huepukwa na kwa nini. Aliyezaliwa mahali hapo hujua kwamba kiwanja kilichobaki kitupu katikati ya nyumba nyingi kina sababu yake. Anayerudi baada ya miaka mingi, au aliyezaliwa ukimbizini, huona kiwanja cha bei nafuu. Hujenga, hufuga mbwa wa kulinda mbuzi na bidhaa, na asubuhi moja humkuta mbwa amelala asiamke.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Wa kwanza kushukiwa ni jirani, hasa kama kulikuwa na maneno kuhusu mpaka wa shamba. Husemwa kwamba mbwa amelishwa sumu ya panya, au amefanyiwa mambo ya usiku. Katika vijiji ambako waliobaki na waliorudi bado wanaangaliana kwa jicho la pembeni, mzoga wa mbwa unaweza kuzaa kesi, na kesi ikazaa panga. Kabla ya kumtaja mtu, mwenye mbwa atazame mahali. Mbwa aliyekula dawa ya wadudu au sumu nyingine kali mara nyingi hutapika, hutoa mate mengi au povu, na hutetemeka. Aliyekufa kwa mazuku mara nyingi hukutwa kama amesinzia. Kando yake huenda wakakutwa mijusi, wadudu na hata ndege waliokufa bila jeraha. Mijusi hawana kesi ya shamba na mtu yeyote.

Ushauri wenyewe ni mfupi. Saa mbaya zaidi ni usiku na alfajiri, wakati upepo umetulia na baridi imeshuka. Jua likipanda na upepo ukivuma, hewa hiyo hupungua. Wenye chukudu wanaoshuka na viazi au makaa kabla ya kupambazuka, na wachungaji wanaoleta ng'ombe, wamfunge mbwa kamba na kumtembeza juu barabarani, si katika njia za mkato za mabondeni. Anayekwenda ziwani kufua au kuoga asimwachie mbwa azurure katika vishimo vya mawe. Wengine hupima shimo kwa kuteremsha mwenge juu ya fimbo ndefu, nao ukizimika hurudi nyuma. Kipimo hicho ni cha kweli upande mmoja tu: moto ukizimika, shimo linaua. Moto ukiendelea kuwaka haina maana kwamba pana usalama, kwa kuwa mwenge huweza kuwaka mahali ambapo kichwa kinauma na mapigo ya moyo yameanza kwenda mbio.

Mbwa akianguka shimoni, mtu asimfuate. Hili tunalirudia kwa makusudi. Aliyesimama wima huenda yuko salama, lakini anapoinama kumbeba mbwa uso wake huzama katika lile tabaka, naye huangukia juu yake. Mtoto hana haja hata ya kuinama. Tumia kamba, au fimbo yenye ndoano, ukiwa mahali pa juu. Akitolewa mapema na kupelekwa penye upepo, mbwa anaweza kuzinduka mwenyewe. Asimiminiwe maziwa, maana wengi hukimbilia hayo kwa kila sumu. Hewa ukaa haiko tumboni, na maziwa katika kinywa cha mnyama aliyezimia huingia mapafuni.

Kwa upande wa serikali, tunaona masikio yameelekezwa mbali mno. Kila mara husemwa kuhusu siku ambayo Ziwa Kivu lote litalipuka, na watu hukumbushwa Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo tarehe 21 Agosti 1986 liliua watu zaidi ya 1,700 pamoja na maelfu ya mifugo. Hofu hiyo ina msingi. Lakini shimo lililo nyuma ya nyumba halisubiri ziwa. Wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma wanayafahamu mabonde mengi ya mazuku, na ramani zimekwisha chorwa. Ramani iliyofungiwa kabatini haimsaidii mama anayevuka mpaka na kikapu cha nyanya, wala mzee anayeonyeshwa kiwanja.

Tunapendekeza kwamba kila chifu wa mtaa na kila mkuu wa avenyu apewe nakala ya ramani ya eneo lake, na kwamba hakuna kiwanja kitakachopimwa au kugawiwa kwa wanaorudi kabla ya bonde lililo karibu kuzungushiwa mawe yaliyopakwa rangi nyekundu. Bango peke yake halitoshi, kwa kuwa mbao huibwa zikawa kuni na wengi hawasomi lugha iliyoandikwa. Mahali ambapo mbwa au mbuzi wamekutwa wamekufa bila jeraha, habari ifikishwe kwa chifu siku hiyo hiyo, na mawe hayo yapangwe kabla ya jioni.