Farasi Hana Kura

Najua vijiweni ni ubishi mtupu: nani awe mwenyekiti wa klabu, nani kala hela, nani kaletwa na wapambe. Leo tuipumzishe soka. Naomba twende wote Marekani, tukachungulie jinsi wenzetu wanavyogombea ukurugenzi kwenye chama cha wapanda farasi wa masafa marefu. Msicheke jamani, humo kuna somo letu.

Mchezo wenyewe kwanza. Chama kinaitwa American Endurance Ride Conference, kwa kifupi AERC. Kilianzishwa mwaka 1972 na maskani yake ni Auburn, California. Shindano linaloheshimika kuliko yote huko ni Tevis Cup, lililoanza 1955, pale bwana mmoja aitwaye Wendell Robie na wenzake walipotaka kuonyesha kwamba farasi wa enzi yao naye anaweza kukata maili 100 za milima ya Sierra Nevada ndani ya siku moja. Maili 100 ni kilomita 160. Yaani toka Dar, ipite Chalinze, endelea mpaka ukaribie Morogoro. Sasa safari hiyo uifanye mgongoni mwa farasi, juu ya mawe na makorongo, na saa 24 zisiishe. Shughuli pevu!

Ila kuwahi peke yake hakutoshi. Njiani kuna vituo vya madaktari wa mifugo. Farasi akifika anapimwa mapigo ya moyo, na ni lazima yashuke hadi kiwango kilichowekwa, mara nyingi 60 au 64 kwa dakika. Anavutwa ngozi kuona kama kaishiwa maji. Tumbo linasikilizwa. Halafu anakimbizwa kidogo, daktari anaangalia miguu. Akichechemea tu, basi, safari imeishia hapo, hata kama ulikuwa unaongoza. Ukishavuka mstari wa mwisho anakaguliwa tena, na akikutwa hafai kuendelea, huhesabiwi kuwa umemaliza. Ndiyo maana kaulimbiu ya chama hicho ni kwamba kumaliza ni kushinda. Tena kuna zawadi ya farasi aliyemaliza akiwa na hali nzuri kuliko wenzake, nayo inaweza kwenda kwa wa nane ikamwacha wa kwanza akikodoa macho.

Sasa tuje kwenye bodi. Wakurugenzi huchaguliwa na wanachama. Wengine kwa kanda, wengine na chama kizima. Mshahara hakuna. Gari la chama hakuna. Kinachokusubiri ni vikao, bajeti, lawama na simu za wanachama wenye hasira. Kuna kanuni za dawa za kulevya mchezo, maana farasi aliyechomwa sindano ya kuua maumivu anaweza kukimbia mpaka akaanguka. Kuna umri, maana farasi wa maili 50 na kuendelea anatakiwa awe ametimiza walau miaka mitano. Kuna suala la njia pia: mashindano hupita kwenye misitu ya umma na ardhi za watu, na mageti yakifungwa, mchezo umekwisha.

Mgombea hujinadi kwa maili alizopanda na mashindano aliyoyaandaa. Hapo ndipo mimi na jamaa zangu wa kijiweni tungegawanyika. Wao wangempa bingwa. Hoja yao ni kwamba aliyepanda ndiye anayejua, na aliyekaa chini atasema nini?

Mimi ningesita. Bingwa ana faida zake, sikatai. Lakini kila kanuni inayomlinda farasi humpunguzia bingwa kasi. Ukiiweka bodi nzima mikononi mwa wenye haraka, nani atasema punguza mwendo? Angalieni yaliyotokea kwingine. Mwaka 2015 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, liliifungia kwa miezi kadhaa Falme za Kiarabu, huku mbio za masafa za huko zikilalamikiwa kwa jinsi farasi walivyokuwa wakitendewa. Mwaka 2018, kule Tryon, Marekani, mbio za masafa za michezo ya dunia ya farasi zilianza kwa vurugu, zikaanzishwa upya, mwisho zikafutwa kabisa kwa sababu ya joto na unyevunyevu. Wapandaji waliumia roho, wengine walikuwa wamesafiri kutoka mbali. Lakini mtu fulani alipaswa kusema basi, na kusema basi hakukupi ujiko.

Kwa hiyo mgombea wangu ningemuuliza swali moja tu: ni mara ngapi umeshuka mwenyewe na kujitoa, kabla daktari hajakutoa? Bingwa akinijibu bila kigugumizi, akanitajia siku na sababu, kura yangu achukue. Akianza kunihesabia vikombe, nampa yule mama anayeshika tochi usiku wa manane akiandika mapigo ya moyo ya farasi wa wenzake.

Mnaona ninapoelekea? Kila chama kina farasi wake. Namaanisha yule anayebeba mzigo wote na hana sauti kwenye mkutano mkuu. Kwenye timu ya mtaa ni dogo anayechezeshwa na goti limevimba kwa sababu kuna fainali. Kwenye kikoba ni mama anayeleta hisa zake kila wiki, na siku ya kugawana anaambiwa daftari limepotea. Wagombea wakija na fulana na soda, wanazungumza na wapiga kura. Farasi hawamkumbuki, na akikata pumzi wanatafuta mwingine.

Nyie mnaopiga kura ndio mdomo wake. Mgombea akija kwenu msimuulize atawaletea nini. Muulizeni amewahi kupoteza nini ili asiyeweza kusema asiumie. Akikosa jibu, mnyimeni, hata kama ni mshkaji wenu.

Haya, nawaachia hilo mlitafune. Panapo majaaliwa, tukutane wiki ijayo.